Malalamiko: Fomu ya Tovuti Inasema Ujumbe Umetumwa, Sisi Hatuupati

Nyumba ya Wageni,
Mji Mkongwe, Bagamoyo.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: FOMU YA MAWASILIANO YA TOVUTI YETU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi cha ngoma kilichokuja kwenye tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, kilijaza fomu mliyotutengenezea, kikiomba vyumba. Wakaona maandishi ya kijani: "Asante, ujumbe wako umetumwa." Mimi sikupata kitu. Kiongozi wao aliponipigia, walikuwa wameshalipia kwingine, na akanilaumu kwamba nimewadharau. Neno hilo limeniuma sana.

Kila nikiwapigia ninyi naambiwa, "Fomu inafanya kazi, mama, angalia kwenye spamu." Nimeangalia, hamna. Ikabidi nimwite kijana wa hapa mtaani anayejua PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, akafungua skripti yenu, yaani programu inayoendesha fomu. Inatumia mail(), amri ya PHP ya kutuma barua pepe, ambayo ikijibu "ndiyo" maana yake seva imeipokea barua ili iitume, basi. Haijui kama imefika. Kibaya zaidi, sehemu ya mtumaji inawekwa anwani ya mgeni. Mgeni wa Yahoo akijaza, barua inajidai imetoka Yahoo ilhali imetoka kwenye seva yenu. Tangu Aprili 2014 Yahoo imeagiza barua za namna hiyo zikataliwe, na Gmail, ninakopokelea mimi, inalifuata agizo hilo. Taarifa ya kukataliwa nayo inarudi kwenye akaunti ya seva ambayo hakuna anayeifungua. Ninyi mkijaribu kwa anwani ya kampuni yenu inapita, kwa sababu seva hiyo inaruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Kisha mnaniambia hakuna tatizo!

Naomba mtumaji awe anwani ya kikoa chetu, yaani jina la tovuti yetu, na ya mgeni iwekwe kama anwani ya kujibiwa. Barua zipitie SMTP yenye nywila, yaani seva ya barua inayomtambua anayetuma, na ziwekwe rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli. Gmail ilianza kudai uthibitisho wa namna hiyo kwa watumaji wote Februari 2024, kwa hiyo fundi wenu alipaswa kulijua hili. Nakala ya kila ujumbe ihifadhiwe kwenye hifadhidata, ili barua ikipotea maneno ya mgeni yabaki.

Zaidi ya yote, nipeni kutoka kwenye kumbukumbu za seva anwani za wote ambao barua zao zilikataliwa. Nataka kuwaandikia mwenyewe niwaombe radhi. Naomba majibu kwa maandishi kabla msimu wa wageni haujaanza mwezi Juni.

Wenu,
Mmiliki wa nyumba ya wageni