Shukrani za familia: binti yetu karudi nyumbani na mguu wake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zetu Wakatoliki, na Asalaam aleykum majirani zetu Waislamu maana na nyie mlichanga matibabu ya binti yetu aliyegongwa na nyoka bila kuuliza ni wa dini gani.

Mimi ndo dada yake mkubwa, naandika kwa niaba ya baba, mama, bibi na familia yote ya hapa Kiboriloni, Moshi. Mama alitaka aandike mwenyewe ila kila akianza analia, basi kaniachia mimi.

Mdogo wangu kamaliza Form Six, alikuwa anasubiri chuo, vijana wa usharika wakapanga misheni ya siku 7 kule Ketumbeine wilaya ya Longido na yeye akajiandikisha wa kwanza. Simu zake za mwanzo zilikuwa furaha tupu jamani, anapanda kilimani kutafuta mtandao anatuambia amejifunza salamu ya Kimaasai, kuitikia Iko akisalimiwa Takwenya, watoto wanamwinamishia kichwa awaguse ndo shikamoo yao, asubuhi wanafundisha nyimbo chini ya mgunga na mkalimani pembeni, mchana wanachota maji na akina yeyo, yaani akina mama. Mama alikuwa akiweka spika bibi asikie.

Siku ya tano giza linaingia wakaenda kuokota kuni za chai nyuma ya boma bila tochi, akakanyaga kifutu. Nyoka yule hakimbii akisikia watu, analala palepale na rangi yake ya majani makavu mpaka umkanyage. Kamgonga juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Hapa naomba nieleze taratibu maana ndo pa kushukuru. Watu walishakuja na wembe wamchanje, mwingine na kamba, na dada mmoja wa msafara ambaye ni nesi akasimama katikati akasema msimchanje, msimfunge kamba, mguu usitikisike na tutafute usafiri sasa hivi. Gari la msafara lilikuwa limeenda Longido kuchukua vyakula. Akatokea kijana wa Kimaasai mwenye pikipiki, hatumjui hatujui kwao, akavua shuka lake akalichana, akachukua fimbo yake mwenyewe akaulaza mguu juu ya fimbo, nesi akaufunga ukanyooka kama wa mtu aliyevunjika, wakampakia katikati na mwinjilisti nyuma kamshika kifuani. Kabla hawajaondoka kuna koko (bibi) mmoja mzee sana alimshika kichwa akamtemea mate kidogo usoni kama wanavyobariki wao, akamuombea kwa Enkai, yaani Mungu. Mdogo wangu anasema njia nzima yenye mawe na makorongo alikuwa anaukumbuka ule mkono tu.

Zahanati ya kwanza hawakuwa na dawa ya sumu ya nyoka ila walimtundikia dripu na kuita ambulansi, Mungu awabariki. Kufika Arusha usiku wa manane ndo dawa ikapatikana. Walikuwa wanaweka damu yake kwenye kichupa cha kioo wanasubiri dakika 20 waone kama itaganda, haigandi, wanaongeza dawa, wanasubiri tena. Sisi tulifika alfajiri tukakuta mguu umevimba hadi pajani, una malengelenge meusi, baba akatoka nje akakaa chini kwenye sakafu. Sijawahi kumuona baba hivyo. Damu iliganda siku ya pili saa tisa mchana, daktari akainua kichupa dirishani akakipindua na haikumwagika, wodi nzima ikasema Amina.

Baada ya hapo akapewa rufaa hospitali ya KCMC hapa Moshi kwasababu nyama ilikuwa imekufa na kulikuwa na hofu ya kukatwa. Siku 23. Kasafishwa kidonda mara nne, mwisho wakachukua ngozi ya paja wakapandikiza na imeshika. Na bima yake ilikuwa imeisha mwezi huohuo. Ndo tukatoa lile ombi la mchango kwa aibu kabisa, na kwakweli tuliyoyaona hatukuyategemea.

Tunawashukuru Mchungaji wetu na wazee wa kanisa, Umoja wa Vijana, kwaya mliokuja watu tisa kutoa damu, jumuiya yetu, VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) ya mama, akina mama wa mitumba Kiboriloni, wafanyabiashara wa Mbuyuni, bodaboda wa kijiweni kwetu, walimu wake na wale aliosoma nao, ndugu wa Marangu, Rombo na Machame, wajomba Dar, shangazi zetu walioko Marekani na Uingereza, madaktari, manesi na wafanya usafi wa wodi.

Mama mmoja wa sokoni alileta mtori wa moto kila siku kwa siku zote 23, anatembea na hotpoti, hajawahi kukosa hata siku mvua imenyesha, wewe ni ndugu yetu sasa. Nesi wa zamu ya usiku uliyekuwa unamsuka nywele asiangalie kidonda, Mungu akuone. Na aliyetuma shilingi 2,000 akaandika "ndo niliyonayo", mama ameisevu ile meseji hadi leo.

Zilipatikana milioni 5 na elfu 60, bili ilikuwa milioni 4 na laki 3. Laki 7 na elfu 60 iliyobaki tumeikabidhi usharikani zinunuliwe tochi na gambuti kwa wenyeji wetu kule na vijana watakaoenda tena.

Kuna waliotuambia tusingemruhusu kwenda. Tumewasikia kwa upendo, ila waliomuokoa ni walewale aliowaendea.

Tunaomba radhi sana sana kwa ambao hatujawataja, wengine mlituma bila jina, wengine tulipokea simu tukiwa tumechanganyikiwa hata hatukusema asante, na kama kuna mtu tulimjibu vibaya siku zile tusamehe. Asanteni sana, kwa Kichaga Aika mno, kwa Kimaasai Ashe oleng.

Ibada ya shukrani ni Jumapili hii ibada ya pili, karibuni. Ataingia na magongo, chuo wamekubali achelewe kuripoti. Na wewe kijana wa pikipiki, ulikataa hata hela ya mafuta, mwinjilisti bado anakuulizia. Fimbo yako ipo, baba ameiweka nyuma ya mlango wa sebuleni haruhusu mtu kuigusa. Daktari akimruhusu mdogo wangu safari ndefu tutakuja wote kukurudishia.