Baraza la jirani yangu la kulelea watoto nalo liwe kwenye ramani

Mhariri,

Nauza ndizi soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Saa kumi alfajiri niko sokoni, malori yanashusha mikungu. Kituo cha kulelea watoto kilicho karibu na kwangu, Manzese, kinafungua saa moja. Basi mjukuu wangu hulala kwa jirani, mama mwenye watoto tisa wa watu kwenye chumba kimoja na baraza. Hajasajiliwa popote.

Kila nikisikia mipango ya vituo vya watoto, vinavyohesabiwa ni vile vyenye cheti tu. Sensa ya 2022 ilihesabu watoto, na majengo pia. Kuanzia 2015 vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani, walipita mitaa ya Dar es Salaam wakichora nyumba na mitaro kwa ajili ya mafuriko. (Sisi tukiona mtu na simu anapiga picha nyumba, tunadhani bomoabomoa imefika!) Nini kinazuia kuziweka hesabu hizo na michoro hiyo pamoja kwenye ramani moja, na mabaraza kama ya jirani yangu yaongezwe?

Ila wasitie nukta tu. Waandike saa ya kufungua, ada ya siku, na kama mtoto wa nepi anapokelewa. Nukta ya saa moja hainisaidii mimi wa saa kumi. Wajumbe wa mashina waulizwe, nyumba hizo wanazijua zote. Na kwanza tuahidiwe kwamba anayechorwa leo hatafuatwa kesho na faini. Jirani yangu akifunga, sina pa kumpeleka mtoto.

Bibi Muuza Ndizi,
Manzese, Dar es Salaam