Keki ya jibini ya Jumamosi

Asalaam aleikum wapendwa. Niliwauliza keki ya jibini ya Jumamosi iwe ya aina gani na juu yake tuweke nini. Nimesoma majibu yenu yote, na ujumbe wa sauti nimeusikiliza.

Wengi mnataka ile ya friji, isiyookwa. Sawa, ila joto hili la Mombasa halina huruma: bila jelatini italegea kabla hatujaikata. Jelatini iwe na alama ya halali, la sivyo tumieni agaraga, ile ya kugandisha inayotokana na mwani. Mimi bado niko na ya kuokwa, mtindo wa New York. Nyuzi 160, bati likae ndani ya sinia la maji ya moto. Ukilitikisa, kingo ziwe zimeshika na katikati itetemeke kidogo. Ukingoja katikati pakauke, itapasuka. Kisha zima oveni, acha mlango wazi kidogo, ipoe humo humo.

Dada aliyeuliza kuhusu ile keki ya jibini iliyoungua nyeusi juu: hiyo ni ya mgahawa wa La Viña, San Sebastián, Hispania. Huokwa kwa moto mkali, nyuzi 200 na zaidi, na haina biskuti chini. Wavivu wa kusaga, hiyo yenu!

Kwa wanaosaga biskuti za kuweka chini ya keki, biskuti gramu 200 kwa siagi 100 iliyoyeyushwa, shindilia kwa glasi. Biskuti za tangawizi naziunga mkono kabisa.

Juu, pasheni imeshinda, na ni haki yake. Uchachu wake unakata utamu. Embe likatwe siku hiyo hiyo, hutoa maji. Sosi ya chokoleti ya dukani, hapana jamani.

Andikeni mtakacholeta kabla ya Alhamisi jioni. Mwenye bati la kufunguka pembeni la ziada aseme.