Shangazi, kile kisutu usikigawe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa kuwa habari zangu zenyewe zilikwisha kufika mbele za watu. Siku ile wazee wa kwao yule mchumba wangu walipokuja kuvunja posa, mtaa ulijua kabla chai uliyowapikia haijapoa. Basi na haya nayo wayasome.

Ni wewe uliyenisukuma nije. Nilitaka kuikataa kozi, ukasema: "Nenda kalie huko, huku watakuhesabia machozi." Wiki tatu Lisbon, kazini wamelipa, mambo ya makontena na makaratasi ya bandari ambayo hayatakufurahisha. Nilipanda ndege kwa sababu kubishana nawe kunataka nguvu, nami sikuwa nazo.

Siku nne za mwanzo mji sikuuona. Darasani, chumbani, basi. Chumba nimepanga kwa mama mmoja mtu mzima. Yeye Kiingereza hajui, mimi Kireno sijui. Siku ya tano akaingia kubadilisha mashuka, akaushika mto wangu, akakuta umelowa. Hakuuliza kitu. Akaivua ile nguo ya mto, akaniinulia: "Fronha." Nikasema, foronya! Akashangaa. Akagonga meza: "Mesa." Nikamwambia, meza. Dirishani kwa jirani palikuwa na bendera ya timu ya mpira: "bandeira." Kanisa la ng'ambo ya njia: "igreja", nasi hilo ndilo tulilolifanya gereza. Sijui mababu zetu waliona nini ndani ya Ngome, ile Fort Jesus ya Mombasa, hata kanisa likaishia kuwa mahali pa kufungiwa watu. Nilicheka, Shangazi. Cheko la kwanza tangu wale wazee waondoke barazani kwako.

Kisha akatoa kitambaa mfukoni mwa aproni akanipa nijifute uso. "Lenço," akasema.

Leso! Kwao leso ni kitambaa cha mkononi, cha machozi na makamasi. Nikakumbuka bibi alivyokuwa akisimulia kwamba wanawake wa zamani Mombasa walinunua vitambaa vya Wareno vikiwa bado havijakatwa, wakaviunga vitatu vitatu, wakajifunga. Kumbe tunapokelewa duniani kwa kitambaa cha machozi, na kikiwa kikubwa kiasi hicho, mtu akilia ana pa kujifutia.

Baada ya hapo nikaanza kutoka. Wanasema mji huu umekaa juu ya vilima saba. Mimi kwa magoti yangu nimehesabu zaidi. Njia wamezitandaza vijiwe vyeupe na vyeusi, vizuri kweli, lakini vikinyeshewa huteleza kama sabuni. Nilianguka mchana kweupe, watu wakanikimbilia, nikalia hadi nikamaliza. Raha ilioje kulia kwa goti, maana hakuna anayekuambia usahau, utapata mwingine.

Karibu na uwanja wa Rossio kuna kanisa linaitwa São Domingos. Nje yake Waafrika, wengi wa Guinea-Bissau, hukaa wakipiga soga kama wazee wetu Mji wa Kale. Nilijitanda mtandio nikaingia kutazama tu. Lile kanisa lilitikiswa na zilizala kuu ya tarehe 1 Novemba 1755, iliyofuatwa na mawimbi ya bahari na moto, na sehemu kubwa ya mji ikaenda. Likajengwa upya. Mwaka 1959 likaungua ndani. Lilipofunguliwa tena, 1994, paa lilikuwa jipya lakini nguzo waliziacha vile vile, mawe yamepasuka na kubanduka kama maganda, alama za moto mpaka juu. Watu wanaswali mle mle, mishumaa inawaka, mtoto anakimbia katikati ya nguzo. Ingekuwa kwetu, mafundi wangekuja na ndoo za chokaa wiki hiyo hiyo. Na mimi wiki hiyo hiyo mliniitia mtu wa hina, mkaniambia nitabasamu kwenye harusi ya jirani. Sikulaumu. Nasema tu kwamba nilikaa mle saa nzima na hakuna aliyenihimiza.

Jumamosi nikaenda Cais do Sodré nikapanda feri ya kuvuka mto Tejo hadi Cacilhas. Shughuli Cacilhas sina. Nilitaka kuvuka tu, wewe wa Likoni utanielewa. Hapa hata mwenda kwa miguu hulipa, na hakuna anayekusukuma, hakuna mkokoteni, hakuna muuza njugu wala mhubiri. Kimya mpaka kinaudhi. Unajua ni feri ya Likoni ndiko yule aliyeniposa alikoanza kunisemesha, akiwa amenishikia mfuko wa mchele. Basi nikavuka Tejo mara nne, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Safari ya tatu nikagundua nimefika ng'ambo bila kumkumbuka hata mara moja. Kwa kugundua hivyo, nikamkumbuka.

Belém, mtaa mwingine wa mji huu, nilipitia kwa sababu ya kozi, wanafunzi wote walipelekwa. Kaburi la Vasco da Gama liko kanisani mwa monasteri ya Jerónimos, jiwe limechongwa kama nguo ya hariri, yeye amelala juu yake mikono kifuani. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikuwa nikiwaza: huyu alifika Mombasa Aprili 1498, hakupata mapokezi aliyoyataka, akaenda kupokelewa Malindi. Na huyu wetu naye, si ndiyo tunasikia sasa yuko Malindi? Nikacheka mbele ya kaburi la watu. Mwalimu wa kozi akanitazama vibaya.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike.

Katika duka dogo nyuma ya Rossio niliona leso nyeupe ya mraba, imedariziwa mioyo, ndege, maua, na maneno kuzunguka pindo. Mwenye duka anajua Kiingereza, akanieleza. Hizi zinatoka Minho, kaskazini mwa Ureno, zinaitwa "lenços dos namorados", leso za wapenzi. Zamani msichana aliidarizi mwenyewe, akaitia shairi la moyoni mwake, kwa herufi alizozijua, na wengi hawakuwa wamesoma, kwa hiyo maneno yamejaa makosa. Mpaka leo wanaozishona huyashona na makosa yake. Akimaliza humpa kijana. Kijana akiivaa mbele za watu, mambo yamekubaliwa. Akiwa hamtaki, anairudisha ile leso.

Anairudisha, Shangazi. Nilimwomba yule mwenye duka anirudilie hapo. Kwetu leso husema pia, tena husema kwa jirani, kwa mke mwenza, kwa mawifi, na hakuna leso iliyobeba maneno ikakosa aliyeyaelewa. Lakini mimi nilivunjiwa posa na wazee watatu wanaotazama mkeka. Yeye alikuwa wapi? Kile kikoi nilichompa sikukuu ya Idi hakijarudi mpaka leo. Nilidhani kinachoniuma ni kuachwa, kumbe sehemu kubwa ni hiyo: hakuja kurudisha kitu kwa mkono wake.

Nikasimama dukani nikijaribu kupata shairi la kumdarizia. Sikupata. Yote yaliyonijia yalikuwa matusi, na matusi hayahitaji pindo la maua.

Nimenunua moja, ndogo, ya yule mama mwenye nyumba. Ameitundika jikoni juu ya samaki wake mkavu wa chumvi, ambaye ananuka sawasawa na papa wa Marikiti, na ambaye amenilisha kwa namna sita tofauti. Sasa nalala usiku kucha. Si kila usiku.

Narudi Alhamisi ijayo. Nimesikia kwamba unataka kumpa binti ya jirani kile kisutu, ile leso ya harusi, ulichoninunulia, kwa kuwa harusi yake iko karibu na chetu kimelala sandukuni hakijakatwa. Usimpe. Tafuta mkasi na uzi mwekundu uniwekee. Nikifika tutakikata: kipande kimoja changu, kimoja chako, na pindo nitashona mwenyewe.