Kabla Hujabadilisha Spika, Tuambie Zimekukosea Nini

Mteja anayetaka kubadilisha spika za nyumbani mara nyingi hufika akiwa ameshachagua. Picha iko kwenye simu, kilichobaki ni bei. Sisi tunamrudisha nyuma kwa swali ambalo wengine huliona la kuudhi: hizo ulizo nazo zimekukosea nini?

Jibu lake ndilo linaloamua kila kitu. "Besi inavuma mpaka maneno ya mwimbaji hayasikiki" ni shida ya aina moja. "Nikipunguza sauti usiku, muziki unakuwa mkavu" ni shida nyingine. "Kuna kitu kinakwaruza" ni kesi ya fundi, si ya muuzaji. Na "nimezichoka tu" nalo ni jibu halali, hatumcheki mtu kwa hilo, ila ni vizuri ajue kwamba analipia hamu yake na wala si ubovu.

Tuanze na besi inayovuma, maana ndiyo inayoleta watu wengi kwetu. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina noti yake kinayoipenda, karibu hezi 43 (yaani mitetemo 43 kwa sekunde), kwa sababu nusu ya wimbi la noti hiyo inaenea barabara kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kila wimbo ukigusa hapo, noti huvimba karibu na kuta na kufifia katikati ya chumba. Ndiyo maana aliyekaa kwenye kochi lililoegemea ukuta analalamika kwamba besi inamziba masikio, na mwenzake aliyekaa katikati anauliza besi imeenda wapi. Wote wawili wanasema kweli.

Sasa leta spika mpya kwenye chumba hicho hicho. Urefu wake haujapungua, kwa hiyo noti ile ile itavimba pale pale. Tena kama spika mpya zinashuka chini kuliko za zamani, mvumo utazidi. Tumewahi kuuza spika nzuri kabisa, zikarudi baada ya siku chache kwa sababu hiyo hiyo iliyomfanya mteja azikimbie za kwanza. Udhaifu wa zile za kwanza ndio uliokuwa ukimsitiri.

Kwa hiyo huwa tunampa mtu kazi ya jioni moja kabla ya kupokea hela yake. Zivute spika mbali na ukuta wa nyuma, sentimita 30 au 40 kama nafasi inaruhusu, usikilize. Ukiwa umezisukumia kwenye pembe za chumba, zitoe huko kwanza, maana pembeni kuta mbili na sakafu huirudisha besi yote kwako kwa pamoja. Sogeza na kochi pia. Hatua moja mbele wakati mwingine inamaliza ugomvi. Kama boksi lina tundu la kupumulia nyuma, jaribu kuziba tundu hilo kwa kipande cha sponji au hata soksi safi. Inachekesha, lakini inapunguza mvumo na haigharimu kitu. Kisha angalia twita, ile spika ndogo ya sauti za juu: iwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Spika iliyolala chini sakafuni inaimbia magoti. Na kama sauti inakata masikio badala ya kuvuma, tazama chumba kwanza. Sakafu ya vigae, kuta tupu na vioo hurudisha kila herufi ya "s" mara mbili. Zulia zito na pazia nene vitasaidia kuliko spika yoyote tuliyo nayo.

Kuna na jambo la waya, ambalo watu huona aibu likigunduliwa. Ukiunganisha chanya na hasi vizuri kwenye spika moja na ukavigeuza kwenye nyingine, koni ya kushoto, ile sehemu ya spika inayotikisika, inatoka nje wakati ya kulia inaingia ndani. Besi zinauana hewani, na mwimbaji anakosa mahali pa kusimama. Unamsikia kila upande lakini humuoni katikati. Zima amplifaya, geuza waya za spika moja tu, washa tena. Besi ikirudi, umeshapata spika mpya bila kununua.

Yule wa usiku naye hana spika mbovu. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa: kadiri muziki unavyopunguzwa, ndivyo besi inavyotoweka mapema kuliko sauti za katikati. Kile kitufe kilichoandikwa Loudness kwenye amplifaya nyingi kiliwekwa kwa ajili hiyo. Kibonyeze usiku, kizime mchana.

Mkwaruzo ni habari tofauti. Fungua kitambaa cha mbele, utazame ukingo unaoishikilia koni. Spika nyingi zilitengenezwa na ukingo wa sponji, na sponji hiyo huoza: baada ya miaka 10 hadi 20 huanza kuchanika na kudondoka unga, hata kama spika haikutumika sana. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sponji ikishachanika, koni inayumba, besi inakufa na mlio wa kutetema unaanza. Mtu akiona hivyo hudhani spika imekwisha, lakini koni, sumaku na boksi bado ni vizima. Ukingo peke yake ndio unaobadilishwa, na kazi hiyo ni ndogo kuliko kununua upya. Dalili mbaya zaidi ni hii: isukume koni taratibu kwa vidole, ukibonyeza pande zote kwa usawa, na usikie inakwaruza ndani. Hapo koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Hapo ndipo tunapouliza kama spika yenyewe inastahili kuokolewa, maana si zote zinastahili.

Za zamani sana zina tatizo jingine lisiloonekana. Kapasita, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyo kwenye krosova, kile kisahani kinachogawa sauti za chini kwa koni kubwa na za juu kwa twita, huchoka na kupoteza kipimo chake. Sauti inafifia polepole kiasi kwamba mwenyewe anazoea. Tukizibadilisha tunabadilisha za spika zote mbili, hata kama upande mmoja bado unaonekana mzima.

Umefanya yote hayo na bado huridhiki? Basi sasa tuzungumze kununua.

Anza na amplifaya yako, si na spika. Kwenye karatasi ya spika kuna namba ya desibeli, ambayo ni ukubwa wa sauti inayosikika mita 1 mbele yake kwa umeme kidogo uliopimwa. Wateja wengi huiruka namba hii na kukimbilia wati. Spika ya desibeli 84 na ya desibeli 90 zina tofauti ya 6, na 6 hiyo maana yake ya kwanza inahitaji wati mara nne kufikia sauti ile ile. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, badiliko unalolisikia lakini haliwashtui majirani. Ili masikio yaseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Anayehama kutoka amplifaya ya wati 30 kwenda ya 60 akitegemea miujiza huwa tunamwonea huruma. Angalia na omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme: spika ya omu 4 inanyonya mkondo mwingi kuliko ya omu 8, na amplifaya dhaifu ikisukumwa kupita kiasi huvunja mawimbi na kuunguza twita. Spika nzuri inaweza kufa mikononi mwa amplifaya ndogo.

Sababu tunazozikubali bila ubishi ni chache. Umehamia sebule kubwa na spika zinalia kwa shida hata kwa sauti yako ya kawaida. Sauti ya binadamu inatoka puani popote utakapoziweka. Au unataka besi ya chini ambayo boksi dogo haliwezi kuitoa. Hii ya mwisho mara nyingi hutatuliwa na sabufa moja inayochukua kazi yote ya chini ya hezi 80 hivi, huku spika zako zikibaki. Kumbuka tu kwamba sabufa nayo inakaa kwenye chumba kile kile cha mita 4.

Wakati wa kulinganisha, sawazisha sauti. Spika inayolia juu kidogo, hata kwa desibeli 1, sikio huipendelea na kuiita safi zaidi, na muuzaji mjanja anaijua siri hiyo. Macho nayo hudanganya: mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika zikiwa wazi mbele yao, kisha wasizione, na alama walizozitoa zikabadilika. Kwetu unaweza kusikiliza nyuma ya pazia. Wengine hutoka wakicheka.

Baada ya hapo, zichukue nyumbani kwa wiki moja. Spika kali huteka siku ya kwanza na kuchosha siku ya nne. Siku ya saba rudisha zako za zamani kwa jioni nzima, na hicho ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Usipoona pengo, turudishie zetu.

Ukija, njoo na jina la amplifaya, vipimo vya chumba na nyimbo mbili unazozijua kwa miaka. Na kama unaweza kuzibeba, leta hizo za zamani pia. Tutazifungua mbele yako kabla ya kukuonyesha nyingine.