Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kiwanda cha Sindano na Ajira za Vijana Wetu Kilifi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nizungumzie jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima, nalo ni ajira zilizotokana na kupanuliwa kwa Revital, kiwanda cha sindano za hospitali hapa kwetu Kilifi.

Wazee mliuliza kama kitadumu, na mna haki ya kuuliza. Kiwanda cha korosho kilipokufa miaka ya 1990, mbanguaji na mkulima waliumia pamoja. Hiki nakiona kina msingi mwingine. Mwaka 2021, katikati ya chanjo za Korona, India ilizuia kwa muda baadhi ya sindano zake kuuzwa nje, na Afrika, iliyokuwa ikiagiza sehemu kubwa ya sindano zake, ikabaki na wasiwasi. Wakfu wa Gates, shirika la misaada la Marekani, ukatoa takriban dola milioni 4 ili Revital iongeze mashine, lengo likiwa kutengeneza sindano za chanjo zaidi ya milioni 200 kwa mwaka. Chanjo za watoto hazina msimu, kwa hiyo mnunuzi yupo.

Sindano zenyewe ni za kujifunga: ukishaanza kuisukuma dawa, kijiti hakivutiki tena, na sindano hiyo haiwezi kutumika kumdunga mtu wa pili. Kosa dogo kwenye plastiki linaiharibu kazi yote. Ndiyo maana, pamoja na mashine zote hizo, bado yanahitajika macho ya kukagua na mikono ya kupakia, na wengi walioajiriwa ni wanawake. Hili linanifurahisha kuliko yote. Mama mwenye mshahara wa mwezi halipi karo kwa mkopo wa dukani.

Lakini tusiridhike na kupakia. Mashine zinazoyeyusha plastiki na kuisukuma kwa nguvu kwenye kalibu zinataka fundi mwenye cheti, na huko ndiko kwenye mshahara mzuri. Kamati inapendekeza nusu ya mfuko wa elimu iende kwa vijana wanaosomea umeme na mitambo katika vyuo vya ufundi. Naomba mpitishe pendekezo hili.

Mwisho, wako madalali mitaani wanaodai pesa ili "wakuingize" kazini. Msiwape hata shilingi. Leteni majina yao kwa katibu. Kwake pia ndiko fomu za mafunzo ziliko.

Mwenyekiti