Kp 7 si habari kwetu sisi wa Tromsø

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila jua linapochafuka, simu yangu hujaa jumbe za ndugu na jamaa: “Leo Kp ni 7, huko kwenu mbingu itawaka!” Kp hiyo ni namba ya kupimia msukosuko wa sumaku ya dunia unaoletwa na jua, nao wanaisoma magazetini, lenu likiwemo. Mimi naishi Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na huu ni mwaka wa tisa naendesha basi dogo la kuwapeleka wageni kutazama mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Katika namba zote ninazozitazama kabla ya kuwasha injini, hiyo mnayoiandika kwa herufi kubwa ndiyo inayonisaidia kidogo kuliko zote.

Kp huanzia 0 hadi 9, na hukokotolewa kila baada ya saa tatu kutoka vituo vya sumaku vya sehemu mbalimbali za dunia. Kazi yake hasa ni kuonyesha pete ya mianga, ile inayoizunguka ncha ya kaskazini ya dunia, imetanuka kusini kiasi gani. Aliyeko Ujerumani anaihitaji. Sisi tuko nyuzi 69 na nusu kaskazini mwa ikweta, pete iko juu ya vichwa vyetu, na Kp 1 au 2 hututosha kabisa. Siku inapofika 7, tunaweza hata kujikuta tunaitazama kwa nyuma, imeshasogea kusini.

Mei 2024 ilikuja dhoruba ya sumaku ya daraja la G5, la juu kabisa, ya kwanza tangu Oktoba 2003, na mianga ikaonekana hadi Meksiko. Niliulizwa na watu wengi nilivyofaidi. Sikuona kitu! Mwezi Mei usiku wetu hauingii giza. Saa sita usiku nilikuwa nje naosha basi bila tochi.

Kinachonifaa mimi ni setilaiti zilizoko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua. Upepo wa jua, yaani chembe zitokazo kwenye jua ambazo ndizo chanzo cha mianga, ukienda mwendo wake wa kawaida, kilomita 400 hivi kwa sekunde, hutoka pale na kutufikia baada ya saa moja. Hapo ndipo tunapojua jambo kubwa: uga wa sumaku unaobebwa na upepo huo umeelekea wapi. Ukielekea kaskazini, sehemu kubwa hutupita pembeni. Ukielekea kusini na kutulia hivyo, huungana na uga wa dunia na nguvu ikaingia. Anayetabiri siku tatu kabla anaweza kusema dhoruba imeanza safari, lakini uelekeo huo bado hajauona.

Halafu kuna mawingu, ambayo Kp haiyajui kabisa.

Februari moja, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilifuta safari kwa sababu simu ya bosi ilionyesha Kp 1. Wageni wakarudishiwa fedha, wakalala. Mimi nikatazama utabiri wa mawingu, nikamchukua mke wangu, tukashika barabara ya Skibotn, mwendo wa saa moja na nusu, ambako milima huyazuia mawingu ya baharini. Baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Tukaegesha kando ya barabara. Saa nne ilipopita kukawa na utepe wa kijani juu ya mlima, umefifia, ungedhani moshi. Mke wangu akafungua chupa ya chai. Mara utepe ukapasuka, ukajikunja, upindo wake wa chini ukawa waridi, ukakimbia toka upande hadi upande wa anga. Hayakupita hata dakika saba. Chai ilimmwagikia kwenye glavu na ikaganda hapohapo, wala hakutazama chini.

Basi, Mhariri, mkiandika utabiri wa huku juu, anzeni na mawingu, mfuate na uelekeo wa uga katika saa iliyopita, mtaje na saa za giza. Kp iacheni mwisho kwa herufi ndogo. Na msituandike kana kwamba sote ni watalii. Dhoruba hizo huvuruga pia vipimo vya mahali vya meli na ndege, na huku wako wanaoishi kwa bahari.

Naandika haya nikiwa ndani ya basi. Kp ni 2, upande wa Skibotn mawingu yanaachana, na wageni sita wanagonga kioo.

Dereva wa basi dogo,
Tromsø, Norwei